Wazee wa Gari-Nyumba: Wanaishije Mle Ndani?

Julai iliyopita, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kasi na vumbi likiingia hata kwenye sufuria lenye mfuniko, gari moja la rangi ya mchanga lilisimama nje ya uzio wetu hapa Veyula, kando ya barabara iendayo Kondoa. Halikuwa basi wala lori. Lilikuwa na dirisha lenye pazia, mlango wa ubavuni wenye ngazi ya kukunja, na paneli za sola juu ya paa. Akashuka mzee mwenye mvi, mkewe akafuata. Walitoka Ujerumani, wakaomba kwa Kiswahili cha kitabuni walale uani kwetu usiku mmoja. Wakalala mitatu.

Kesho yake asubuhi kila mtu mtaani alikuwa na maelezo yake. Kijiwe cha bodaboda kilisema hao ni matajiri wanaokimbia kodi. Mama anayetuuzia mboga alisema bila shaka watoto wamewafukuza. Jirani yangu, mzee aliyestaafu ualimu, aliniita pembeni baada ya salamu.

"Mwanangu, hivi hawa wazee hawana nyumba?"

Nikamwambia wanayo, wameipangisha. Akatafakari kidogo, kisha akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo ila waliona aibu kulitamka: "Sasa haja wanaendea wapi?"

Tuanze na majina, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Gari-nyumba ni gari lenye injini yake ambalo nyuma limejengwa chumba cha kuishi: kitanda, jiko, sinki, tangi la maji, betri na mara nyingi choo. Karavani ni chumba cha namna hiyo kisicho na injini, kinavutwa na gari lingine kama trela. Halafu wapo tunaowaona zaidi barabara ya Iringa, Dodoma na Arusha, wenye Land Cruiser na hema juu ya paa. Hao gari ni la kusafiria, kulala ni hemani. Mtaani wote tunawaita watalii, lakini siku zao haziendi sawa. Mimi nazungumzia hao wa kwanza, na hasa wastaafu wanaoishi mle kwa miezi au miaka.

Marekani wako wengi mno. Kila majira ya baridi, jangwa linalozunguka mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, hujaa magari ya wazee waliokimbia theluji ya kaskazini. Australia nako wastaafu huizunguka nchi yao na karavani. Wanaopita kwetu ni tone tu. Wamesafirisha gari kwa meli au wameshuka nalo kwa nchi kavu, wanafuata ile njia ya zamani ya Cape hadi Cairo, ambayo inapita hapa hapa Dodoma.

Jambo la kushika ni hili: nyumba ya kawaida imeunganishwa na dunia kwa bomba la maji, waya wa umeme na bomba la majitaka. Gari-nyumba limekatwa vyote vitatu. Kinachotumika humo kimebebwa, na kinachobaki baada ya kutumika kinabebwa pia mpaka kipatikane pa kukimwaga halali. Kwa hiyo siku ya mtu anayeishi humo ni siku ya kupima. Mkazi wa Dodoma hahitaji kufundishwa sana hapo. Sisi tuliokulia kwenye mgao wa maji tunajua kumtazama mgeni anavyofungua koki na kujisemea moyoni, huyu hajui lile tangi lina mwisho.

Tangi la wageni wetu lilikuwa la lita 100. Hayo ni madumu matano ya lita 20. Watu wawili, kupika, kunywa, kuosha vyombo na kuoga, walikuwa wanatumia kama dumu moja kwa siku. Nilimtazama yule bibi akiosha vyombo. Kwanza alifuta mafuta kwenye sahani kwa kipande cha gazeti, kavu. Kisha akachukua chupa ya kupulizia, kama ile ya saluni, akapuliza maji ya sabuni, akasugua, akasuuza kwa maji yasiyojaza kikombe. Sahani mbili, sufuria moja, vijiko. Hayo maji ya kuoshea hayakwenda chini. Yaliingia tangi la pili lililo chini ya sakafu, nalo likijaa lazima limwagwe. Walipouliza wayamwage wapi, mama yangu akawaonyesha mpapai. Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya anayelijua gari-nyumba na anayelipiga picha: maji yanahesabiwa mara mbili, yakiingia na yakitoka. Na lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi likijaa, umebeba kilo 100 ambazo injini, breki na springi zinazisikia.

Umeme nao unaeleweka kwa LUKU. Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. Sasa chukua paneli ya sola ya wati 200. Kwa jua letu la hapa, ukiondoa kinachopotea njiani, itakupa kama uniti moja kwa siku, na siku ya mawingu pungufu ya hapo. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inahifadhi uniti moja na kidogo. Ikiwa ni ya maji ya asidi, ile ya kawaida ya magari na sola za majumbani, usiishushe chini ya nusu mara kwa mara, itakufa mapema. Kwa hiyo ulichonacho kweli ni kama nusu uniti kwa usiku mzima. Betri za lithiamu zinavumilia kutumika karibu zote, ndiyo maana wenye uwezo wamehamia huko.

Nusu uniti inatosha nini? Taa za LED, kuchaji simu mbili, pampu ndogo ya maji, na friji ndogo ya volti 12 usiku kucha. Haitoshi birika la umeme. Birika la wati 2,000 likichemka kwa dakika 10 limekula theluthi ya uniti. Pasi ni hivyo hivyo, hita ya maji ndiyo usiitaje. Watu hudhani mwenye sola juu ya paa ana umeme wa bure wa kila kitu. Ana umeme wa bure wa vitu vidogo. Chai yao ilichemshwa kwa gesi, na shati la yule mzee lilikuwa limekunjamana siku zote tatu.

Gesi ina tabu yake ndogo ambayo hakuna anayeisimulia: kichwa cha mtungi cha Ulaya hakiingii kwenye mitungi yetu ya kilo 6 na kilo 15. Ukiishiwa hapa unahitaji kiunganishi au fundi mwenye akili ya kutafuta kinachofanana. Wao walikuwa nacho.

Nirudi kwa swali la jirani. Choo cha magari mengi ya Ulaya ni kiti cha kawaida chenye sanduku la plastiki chini yake, la lita 18 au 20 hivi. Sanduku linachomolewa kwa mlango mdogo ulio ubavuni mwa gari, nje, na mengi yana magurudumu na mkono wa kuvutia, kama begi la uwanja wa ndege. Kwa watu wawili hujaa siku ya tatu au ya nne. Yale makubwa ya Marekani yana tangi lililofungwa chini, linamwagwa kwa bomba nene kwenye vituo maalumu. Aina nyingine hutenganisha: mkojo unaingia chombo cha mbele, kinyesi kinaangukia cha nyuma chenye maranda au vumbi la mbao, na harufu inakuwa ndogo kuliko unavyodhani, kwa sababu uvundo mkali hutokana na vitu hivyo viwili kuchanganyika.

Kwetu hakuna vituo vya kumwaga. Msafiri mstaarabu huomba choo cha shimo au cha gesti, asubuhi na mapema, na hulipia kama akiambiwa. Ukiombwa na wewe, uliza kitu kimoja kwanza: ametia dawa gani humo? Baadhi ya dawa za vyoo hivyo huua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na ukizimwaga nyingi kwenye shimo dogo la nyumbani, shimo linaacha kufanya kazi yake na kujaa haraka. Yule mzee hakuwa ametia dawa, alitumia maji na sabuni tu. Akamwaga, akasuuza, akaosha mikono kwa muda mrefu. Kijiwe cha bodaboda kilikuwa na hakika kwamba wanamwaga porini. Wapo wanaofanya hivyo, na ni aibu yao, ila siyo hivyo maisha hayo yalivyopangwa.

Kabla ya yote hayo, siku ile ya kwanza, niliona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Gari liliposimama, bibi alijaza glasi maji nusu, akaiweka juu ya meza ya ndani. Akaitazama kwa jicho lililo sawa na ukingo. Akamwambia mumewe neno. Mzee akaingiza kipande cha mbao chini ya tairi la kushoto mbele, akapanda nalo taratibu. Glasi ikatazamwa tena. Ubao wa pili. Walifanya hivyo kama robo saa. Niliona ni usumbufu mpaka nilipoelezwa: gari likiinama, damu inashuka kichwani ukilala, maji ya sinki hayatoki yote, sufuria linaelemea upande mmoja, na zile friji za zamani zinazotumia gesi huharibika zikifanya kazi kwa mshazari. Uani kwetu nilikuwa sijawahi kujua kuna mteremko. Glasi iliuona.

Basi siku zao zinakwendaje? Polepole kuliko tunavyofikiri. Hawaendeshi kila siku. Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160 za lami, safari ya asubuhi moja. Wao waliigeuza kuwa siku nzima, kisha wakapanga kukaa Kolo kutazama michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Asubuhi mzee alizunguka gari akigonga magurudumu na kupima upepo. Akanionyesha tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limechoka, maana jua hukausha mpira hata gari likiwa limeegeshwa. Hilo nimelikagua kwenye gari letu wenyewe, na sikupenda nilichokiona. Baada ya hapo ni kufua ndoo moja, kwenda sokoni, kushona kilichochanika, kulala mchana. Jioni turubai la kivuli likakunjwa kabla upepo haujalirarua.

Je, ni matajiri? Wengine, ndiyo. Gari jipya la namna hiyo lina bei ya nyumba. Lakini wastaafu wengi wa Marekani wanaishi garini kwa sababu kodi ya pango imewashinda. Wapo wanaofanya kazi za msimu: kuangalia kambi za hifadhi na kusafisha vyoo vyake wapate mahali pa kuegesha bure, au kwenda Dakota Kaskazini na Minnesota wakati wa mavuno ya viazi sukari, mizizi inayotengenezewa sukari, usiku kwenye baridi, wakiwa na miaka sitini na zaidi. Serikali ya nchi yao huwauzia waliotimiza miaka 62 kadi ya hifadhi za taifa ya maisha yote kwa dola 80, na kuna ardhi ya umma ambayo mtu anaweza kuegesha bila malipo, mara nyingi kwa siku 14 kisha ahame. Ukiunganisha hayo unaona kwamba kwa mwingine gari ni anasa, na kwa mwingine ni paa la mwisho. Kwa nje yote yana pazia dirishani.

Kuhusu karatasi, si kweli kwamba gari la kigeni hupita tu. Mengi husafiri na kitabu cha forodha ambacho ni dhamana: kinagongwa muhuri gari likiingia na likitoka, na likibaki au likiuzwa humu, ushuru unadaiwa kupitia dhamana hiyo. Asiye nacho huchukua kibali cha muda mpakani. Bima nyingi hutembea kwa Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini mpango huo wa bima tumebaki nao. Viza ya matembezi ni siku 90. Na kulala popote hakuruhusiwi kirahisi hivyo. Hifadhini unalipa, na gari lenye namba za kigeni hulipa zaidi. Mtaani, mgeni anapelekwa kwa mwenyekiti. Nilikwenda nao mwenyewe kwa mwenyekiti wetu, wakaandikwa daftarini, ikaisha.

Lile la kufukuzwa na watoto ndilo lililoniuma zaidi kulisikia, maana lilisemwa kwa uhakika mkubwa. Kila jioni, saa mbili ya hapa, ambayo kwao kipindi hicho ilikuwa saa moja, bibi alikaa kwenye ngazi ya gari akiwa amevaa sweta, akapiga simu ya video. Ndiko bando lake lote lilikokwenda. Usiku wa pili mjukuu alimwonyesha pengo la jino lililong'oka. Bibi akaniita niione ile simu, kama vile mama yangu anavyoniita kuona picha za wajukuu wake walioko Mwanza. Kuondoka nyumbani uzeeni kwao si kukimbia watoto. Walisema walingoja mpaka mzazi wa yule bibi afariki, wamemuuguza miaka sita, ndipo wakawasha gari.

Sasa, jirani yangu. Nilidhani anauliza kwa udadisi tu, kumbe alikuwa na lake. Jioni ya tatu alikuja na karatasi yenye mahesabu. Mpwa wake anamwambia kuna Coaster kuukuu inauzwa. Atoe viti, aweke kitanda na jiko, yeye na mkewe wazunguke. Miaka zaidi ya thelathini alifundisha jiografia kwa ramani ya ukutani: Mtera, ziwa Singidani, Bonde la Ufa. Mengi ya hayo hajayaona kwa macho. "Nimeyachora ubaoni mpaka chaki imeniingia mapafuni," alisema.

Sikumcheka, na wala sitaki mtu amcheke. Lakini nilimwambia nionavyo, na nawaambia wengine wenye wazo hilo, maana siku hizi nalisikia sana. Mstaafu wetu hulipwa kwa sehemu mbili: mkupuo, na pensheni ya kila mwezi. Mjadala wote wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, ni wa ukubwa wa ule mkupuo. Mwaka 2022 uliwekwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani. Mkupuo haurudi mara ya pili. Ukiuweka kwenye Coaster, umeuweka kwenye kitu kinachoshuka thamani kila siku, kinachohitaji fundi ugenini, na ambacho kadi yake na bima yake lazima vibadilike kufuata matumizi mapya. Mzungu anajenga choo garini kwa sababu barabara yake ndefu ina usiku mwingi usio na mwenyeji. Sisi kila mji una gesti, na kila wilaya ina shemeji. Hamu ya kutembea ni halali kabisa. Ila si lazima itembee na sinki.

Akasema, "Na kama bado nataka?"

Nikamwambia baba, jaribu kwanza hapa hapa. Siku tatu, chumba kimoja, wewe na mama. Madumu matano ya maji yaingie, usiongeze. Zima umeme wa LUKU, tumia betri moja na paneli uliyonayo. Mtungi mdogo wa gesi. Maji yanayotoka yakusanye kwenye ndoo, usiyamwage mpaka siku ya mwisho, uone yanavyojaa. Dawa zako za presha zipange kama utakuwa mbali na duka la dawa.

Akakubali. Wageni waliondoka Alhamisi alfajiri kuelekea Kondoa, wakaacha vile vipande vya mbao kwa bahati mbaya. Jumamosi asubuhi, siku ya tatu ya jaribio, nilimkuta jirani kwenye kigoda mlangoni kwake, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu ina vumbi jekundu la Veyula.

"Shikamoo mzee. Maji vipi?"

"Marahaba. Dumu la tano limeisha jana jioni," alisema, akiitazama ile miguu. "Kupika nilihesabu, kuoga nilihesabu, hata ya mswaki. Hii sikuihesabu."

Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye ile karatasi yake: miguu, lita mbili, mara mbili kwa siku, watu wawili.